Nguo za Jukwaani Zikae Kanombe

Pendekezo lenyewe ni dogo. Makumbusho ya Sanaa ya Rwanda yaliyoko Kanombe, ndani ya jumba alimoishi Rais Juvénal Habyarimana, yatenge chumba kimoja cha nguo ambazo wanamuziki na wacheza ngoma wa nchi hii walizivaa jukwaani. Nasema nguo zenyewe, zilizolowa jasho, zikararuka, zikashonwa tena usiku wa kuamkia onyesho. Nimekuwa nikilisema hili kila ninapopata wa kunisikiliza, na majibu ninayopewa sasa nayajua kwa kichwa. Baadhi ni mazito na yana haki ya kujibiwa kwa uzito. Mengine yanazunguka tu kwa sababu hakuna aliyeyajibu.

La kwanza, na ndilo linalotamkwa haraka kuliko yote: hiyo ni caguwa. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa angesema mitumba. Hapa Kigali neno hilo lina uzito wake. Mwaka 2016 serikali ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia Rwanda nafuu ya kuuza nguo bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kwa hiyo anayeniambia "caguwa" hanitanii. Anauliza: tumekubali kuumia ili tusivae masalia ya wengine, leo mnataka kuyaweka masalia ndani ya kioo?

Namjibu kwa kumwonesha kipimo. Caguwa hupimwa kwa kilo kwa sababu haina jina. Shati likitoka kwenye bunda, hakuna ajuaye nani alilivaa, wapi, kwa kazi gani. Nguo ya jukwaani inapokewa pamoja na jina la aliyeivaa, tarehe, ukumbi, nyimbo zilizopigwa siku hiyo, na jina la fundi aliyeishona. Ukiyapoteza hayo, mpinzani wangu anakuwa sahihi kabisa, nguo inarudi kuwa tambara. Ndiyo maana mkusanyaji makini huandika kwanza, ndipo akunje. Na kama tunachotetea ni heshima ya nguo zinazoshonwa nyumbani, basi hakuna ushahidi mzuri kuliko vitenge vilivyokatwa na kushonwa na mafundi wa soko la Kimironko, vikapanda jukwaani na kuonwa na maelfu. Mafundi hao hawatajwi kwenye tangazo la tamasha lolote. Majina yao yangebaki kwenye kadi ya nguo.

La pili linasemwa na watu ninaowaheshimu sana, wapenzi wa muziki wenyewe. Wanasema: sauti tunazo, nguo za nini? Wanautaja mfano mzuri. Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati yaliyoko Tervuren, Ubelgiji, yameirudishia Rwanda nakala za kidijitali za rekodi zaidi ya 4,000 za muziki wa nchi hii. Mtafiti kijana sasa anaweza kusikiliza sauti za wazee ambao hata wajukuu wao hawakuwahi kuzisikia. Nafurahi nao. Lakini mtu akisikiliza rekodi ya intore, ngoma yetu ya kishujaa, anasikia nini? Anasikia nyimbo, ngoma, na mlio wa kengele. Kengele hizo, amayugi, haziko mikononi mwa mpigaji. Ziko miguuni mwa mcheza ngoma, zimefungwa kwa ukanda juu ya kifundo. Ni vazi na ni ala kwa wakati mmoja. Aliyehifadhi sauti yake bila ukanda wenyewe amehifadhi nusu.

Jirani yangu mmoja aliyecheza kwa miaka mingi alinipa mikanda yake niishike. Upande wa ndani ngozi imekuwa nyeusi na laini kwa jasho, upande wa nje bado ni kahawia na imepasuka pasuka kama kawaida ya ngozi iliyokauka. Kengele mbili hazifanani na nyingine, ni ndogo, na zimeshikizwa kwa uzi wa nailoni ilhali zingine zimeshikizwa kwa ugwe wa ngozi. Mkanda wa mguu wa kulia umechakaa kuliko wa kushoto. Nilimuuliza kwa nini. Alisimama, akapiga hatua tatu sakafuni bila kusema neno, nikaona: mguu wa kulia ndio unaoshindilia, wa kushoto unanyanyuka. Rekodi haiwezi kukwambia mguu upi. Ngozi inakwambia.

Ni vivyo hivyo kwa umugara, lile taji la nyuzi ndefu nyeupe ambalo wacheza intore hulirusha kwa shingo. Ukilitazama kwenye picha ni pambo. Ukilipima, ukaona jinsi lilivyofungwa na wapi limelika kwa kusugua paji la uso, unaanza kuelewa kwa nini shingo inazunguka namna ile na si vinginevyo. Desemba 2024 UNESCO iliiingiza Intore kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nilishangilia kama wengine. Ila urithi usioshikika unabebwa na vitu vinavyoshikika, na hivyo vinaoza.

Pwani wanalijua hili vizuri. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alikuwa akipiga msondo akiwa ameufunga kiunoni kwa kanga. Kanga ile ilikuwa sehemu ya ngoma. Bila fundo lake ngoma haisimami, na mkono haupati pembe ya kupigia. Sauti yake ipo kwenye santuri na filamu. Atakayetaka kujifunza kupiga kama yeye, ataanzia kwenye fundo.

Hapo hujitokeza pingamizi la tatu, la wasomi: mavazi ya ngoma ni sare, ni mali ya kundi, hayana mwenyewe, na tayari Makumbusho ya Ethnografia ya Huye, yaliyofunguliwa 1989, yanaonesha ngoma, ala ya nyuzi ya inanga na mavazi ya kale. Kweli, vazi la kundi hupita kwa watu wengi. Sketi moja ya chui wa kuchapishwa inaweza kuvaliwa na wachezaji wanne katika msimu mmoja. Sioni kwamba hilo linaipunguzia thamani. Waandikwe wote wanne. Makumbusho ya ethnografia duniani kote yalijengwa juu ya mazoea ya kuandika "vazi la mcheza ngoma, Afrika ya Kati" na kuishia hapo, kana kwamba lilivaliwa na kabila zima bila mtu hata mmoja. Elvis ana jina lake kwenye kila suti yake. Mcheza ngoma wa Urukerereza, kundi la taifa, naye ana jina.

Na sasa lile zito kuliko yote. Mama mmoja wa Kabeza alinishika mkono baada ya misa akaniambia: "Mwanangu, nguo yenye jasho la mtu haipewi mgeni. Wewe hujalelewa hivyo." Alikuwa akisema kwa upendo. Katika ukanda wetu wote, kuanzia hapa hadi Kivu na Tanganyika, watu wanaangalia sana nywele, kucha na nguo zilizovaliwa zinaishia mikononi mwa nani. Wengine wanahofia uchawi, wengine wanaona tu kuwa ni aibu. Na wapo walokole wanaoongeza: kuweka nguo ya mwimbaji kwenye kioo watu waje kuitazama ni kuabudu sanamu.

Kwa hili la mwisho jibu ni fupi. Wakatoliki wamehifadhi kanzu za watakatifu wao kwa karne nyingi. Waislamu wanajua kwamba katika jumba la Topkapi mjini Istanbul limehifadhiwa joho linalonasibishwa na Mtume. Hakuna aliyeacha dini yake kwa kutunza kitambaa. Na mwimbaji wetu hatumpandishi kwenye daraja hilo hata kidogo. Tunaiweka nguo yake kama tunavyoweka kalamu ya mwandishi au nyundo ya mhunzi, kwa sababu ilifanya kazi.

Lakini hofu ya mama yule siifuti kwa mfano wa Istanbul. Ana haki. Nguo iliyochukuliwa bila mwenyewe kujua, au iliyouzwa na meneja mlango wa nyuma, au iliyotolewa na ndugu mmoja wa marehemu wakati wengine hawajaulizwa, ni nguo yenye doa ambalo makumbusho hayawezi kulitoa. Kwa hiyo ninachotetea kina masharti: mwenyewe atoe kwa mkono wake na kwa maandishi akiwa hai, akiwa amefariki, familia ikae na kukubaliana, na waliotoa wawe na haki ya kuidai nguo irudi ikitumiwa kwa namna isiyo ya heshima. Kuna vipande ambavyo familia itasema hapana. Hapana yao iheshimiwe, na asitumwe mtu wa pili kwenda kuwabembeleza.

Suala la kufua linafungamana na hilo, maana Rwanda usafi ni heshima. Kumpelekea mtu nguo ambayo haijafuliwa ni kumtukana. Kila ninayemweleza kwamba nguo ya jukwaani isifuliwe kabla ya kukabidhiwa ananitazama kwa mashaka. Basi nieleze vizuri. Jasho, poda ya uso, vumbi la jukwaa na alama ya mkanda wa gitaa begani ni habari. Sabuni inazifuta kwa dakika kumi. Sweta ambalo Kurt Cobain alilivaa kwenye onyesho la MTV mwaka 1993 liliuzwa mnadani mwaka 2019 kwa dola 334,000 likiwa halijafuliwa, lina madoa na tundu la sigara, na wanunuzi walitaka liwe hivyo hivyo.

Wanaosema jasho linaharibu nguo nao hawakosei. Jasho lina chumvi na asidi, hudhoofisha hariri na kuchakaza nyuzi za dhahabu bandia. Kwa hiyo uamuzi wa kusafisha au kutosafisha ufanywe na mhifadhi, kipande kwa kipande, baada ya kupiga picha na kuandika kila doa. Tusichokitaka ni dada wa kazi au dobi kuufanya uamuzi huo kwa nia njema, siku moja kabla nguo haijafika.

Mengine ya utunzaji ni ya kawaida, na hakuna linaloshinda uwezo wa Kanombe. Mwanga usizidi lux 50, maana rangi ikishapauka hairudi. Unyevu wa hewa ukae karibu na asilimia 50 bila kupanda na kushuka ghafla, jambo linalotaka uangalifu hapa kwetu kwenye mvua za itumba, Machi hadi Mei, na za umuhindo kuanzia Septemba, wakati ukungu huota hata kwenye viatu chini ya kitanda. Henga za waya zitupwe: hushika kutu na kukata mabega. Nguo yenye shanga nzito ilazwe bapa, isitundikwe, kwa sababu uzito wa shanga wenyewe huirarua. Katikati ya mikunjo iwekwe karatasi laini isiyo na asidi. Nondo wakionekana, nguo ifungwe kwenye plastiki na kugandishwa kwenye friza. Si mambo ya Ulaya haya. Ni kabati, kipimaunyevu, pazia zito na mtu mwenye bidii.

Wengine wananijia na swali la udanganyifu. Watasema: nitajuaje kuwa ni yenyewe? Fundi akishona mbili zinazofanana, utauziwa ya pili. Ni swali zuri, na jibu lake linanifurahisha kuliko yote kwa sababu kitenge ni shahidi mzuri ajabu. Kitambaa kinapochapishwa, ua linajirudia kwa vipimo vilevile bunda zima. Lakini fundi akikata, mkasi hauangukii mahali pamoja mara mbili. Kwenye gauni moja ua litakatwa nusu na mshono wa bega la kushoto. Kwenye jingine, la bunda hilohilo, ua litakuwa zima na mshono utapita kwenye jani. Chukua video ya onyesho, isimamishe pale taa inapompiga mwimbaji begani, linganisha na gauni lililoko mezani. Ua na mshono vikikutana sawasawa, hiyo ndiyo. Minada ya nchi za nje hufanya hivyo kwa mistari, vifungo na vimetameta. Kitenge kina alama nyingi zaidi ya hizo.

Ongeza daftari la vipimo la fundi, ambalo mafundi wengi wa cherehani hulitunza miaka na miaka. Ongeza ushuhuda wa mwenyewe. Pale ambapo msanii aliazimwa nguo na mbunifu na kuirudisha kesho yake, jambo la kawaida siku hizi, iandikwe hivyo, na mbunifu ndiye aombwe. Nguo ambayo haina picha, daftari wala shahidi isiingie, hata kama anayeileta ni mtu mkubwa.

Kuhusu pesa, wapinzani wangu wana takwimu za kutisha. Glavu nyeupe ya Michael Jackson iliuzwa mwaka 2009 kwa dola 350,000 kabla ya ada za mnada, ikaenda Macau. Mwaka 2023 Sotheby's waliuza mali za Freddie Mercury mjini London, na taji na joho lake pekee vikafikia pauni 635,000. Kwa hiyo, wanasema, ni mchezo wa matajiri. Hapana. Hizo ni bei za kununua kilichokwisha kutoka nyumbani. Kalakuta mjini Lagos, nyumba aliyoishi Fela Kuti, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2012, na ndani yake kuna viatu vyake, nguo zake na hata chupi alizozoea kuvaa mbele za watu. Hazikununuliwa mnadani. Zilikuwepo, na familia ikaziacha pale pale. Kinshasa nako nyumba ya Papa Wemba, mtu aliyeifanya nguo kuwa nusu ya muziki wake na akaanguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, imefanywa makumbusho ya rumba. Gharama huwa ndogo pale nguo inapopokewa kabla mtu wa tatu hajaijua bei yake.

Nina ugomvi pia na wale wanaoniunga mkono kupita kiasi. Wao wanasema tuanze na wageni: Kendrick Lamar alipiga BK Arena Desemba 2023, John Legend Februari 2025, wote walipita uwanja wa ndege wa hapa Kanombe, tuwaombe koti moja moja, watalii watajaa. Sikubali. Koti la Kendrick lina Compton pa kukaa, lina wanahistoria, lina wapiga picha elfu. Chumba chetu kikifunguliwa na koti hilo, kila mgeni ataelekea kwenye kioo hicho, na umushanana, vazi letu la jadi, wa mwimbaji wa kwetu utakuwa kitu cha kupitiwa njiani. Wageni wakitaka kuacha kitu, wapokewe baadaye, kwa ukurasa wao wa historia: usiku walioimba Kigali.

Kisha kuna wanaosema tusubiri. Wasanii wetu bado vijana, wacha wazeeke, wacha wathibitike. Hawa ndio nashindwa kuwavumilia. Yvan Buravan alishinda tuzo ya Découvertes ya RFI mwaka 2018, akatoa albamu ya Twaje mwaka 2021 akiurudisha mdundo wa asili kwa kizazi chake, akafariki Agosti 2022 akiwa na miaka 27. Nani alikuwa amepanga kusubiri mpaka lini? Na nchi hii inajua kuliko nyingine yoyote maana ya kuchelewa. Cyprien Rugamba, mshairi na mtunzi, mwanzilishi wa kundi la Amasimbi n'Amakombe, aliuawa pamoja na mkewe Daphrose na baadhi ya watoto wao tarehe 7 Aprili 1994. André Sebanani, ambaye sauti yake bado inapigwa redioni, aliuawa katika mauaji yale yale ya kimbari dhidi ya Watutsi. Nyumba ziliporwa hadi mabati na milango. Kilichosalia cha wasanii wa kizazi hicho kimesalia kwa sababu kilikuwa kwenye kanda za redio au mikononi mwa mtu aliyekuwa mbali. Nguo hazikuwa na redio ya kuzitunza.

Ndiyo maana pingamizi la mwisho, kwamba Kanombe ni mahali pa huzuni pasipofaa vitu vya furaha, linanigusa lakini halinibadilishi. Mabaki ya ndege ya Habyarimana iliyotunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 bado yapo pale, kando ya ukuta wa bustani, na kila anayezuru hupelekwa kuyaona. Sidhani kuwa nguo za wasanii zitafunika kumbukumbu hiyo, wala sitaki zifanye hivyo. Tangu 2018 jumba lile limepokea sanaa ya Rwanda ya leo, michoro na vinyago vya vijana, na watoto wa shule wanapanda ngazi zake kila wiki. Wasanii wa muziki waliouawa siku zilizofuata usiku ule wana haki ya kuwa na chumba katika nyumba hiyo kuliko nyingine yoyote mjini. Kama hakuna nguo zao zilizosalia, kiwepo kioo chenye majina yao na orodha ya yanayojulikana kuhusu walivyovaa, kama wanavyokumbuka waliowaona.

Na kazi inaweza kuanza mwezi huu bila bajeti mpya. Kizazi cha kina Cécile Kayirebwa, mwimbaji aliyezaliwa 1946, kina wenzake wengi ambao hawajulikani kwa jina lakini walisimama nyuma yake au mbele yake kwenye majukwaa ya Butare, Bujumbura na Brussels. Waendewe nyumbani. Asiombwe mtu nguo siku ya kwanza. Aombwe alifungue sanduku, aitoe nguo, aeleze iliposhonwa na ilipochezewa, huku kinasa sauti kikiwa wazi na picha zikipigwa mbele, nyuma na ndani, hasa ndani, kwenye mishono. Ikirudi sandukuni kwake, sawa. Tayari tutakuwa na kadi ya kwanza.